"Havionekani" si "havipo": mazungumzo na madereva wa Malaba

Shikamooni wazee mlioketi mbele. Wamama wa sokoni, vijana mlio juu ya matairi, hamjambo. Asanteni kwa kuzima injini, maana mara iliyopita nilishindana na jenereta ya lori la samaki na likanishinda.

Mimi naishi na virusi vya ukimwi, na dawa nilianza mwaka 2006. Nasema mapema ili msipoteze muda kunichunguza mashavu. Zamani hapa Uganda ugonjwa huu tuliuita Silimu, neno la Kiingereza la mtu mwembamba. Mwaka 1982, kule Rakai, kwenye mwalo wa Kasensero, watu walikuwa wanakonda mpaka wanaisha, na jina likashika. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alisimama hadharani akasema anao, na Desemba ya mwaka huohuo tukamzika. Siku hizi malalamiko ninayoletewa ni ya suruali kubana. Ni kweli, dawa za sasa huwanenepesha baadhi ya watu, nayo tutaizungumza na nesi. Ila nikisikia hivyo huwa nacheka kidogo moyoni.

Leo nataka kukaa na swali moja. Dereva mmoja wa njia ya Juba alinionyesha kadi yake akaniuliza, "Mama, wameniandikia kwamba virusi havionekani. Sasa mbona bado nameza?"

Ninyi mnaijua Malaba yetu ya mpakani na Kenya. Lori halivuki kwa kupiga honi, linavuka kwa karatasi, dirisha la karani hadi dirisha. Virusi navyo ni hivyohivyo. Kirusi kinaingia kwenye chembe nyeupe ya damu, zile CD4 tunazoziita askari wa mwili, kikiwa kimebeba maagizo yake. Lakini maagizo hayo yameandikwa kwa namna ambayo chembe haiwezi kuyahifadhi. Kwa hiyo kwenye dirisha la kwanza yananakiliwa upya yafanane na ya chembe yenyewe. Dirisha la pili, nakala inaingizwa ndani ya faili kuu ya chembe. Ikishaingia humo, yule askari anaanza kutengeneza virusi vipya akidhani anatii amri ya mkubwa wake.

Kidonge ambacho wengi wenu mnameza, chenye herufi TLD kwenye mkebe, kina dawa 3 ndani yake. Tenofoviri na lamivudini zinakaa dirisha la kwanza. Zinampa karani herufi bandia, na nakala inakatika kabla haijaisha. Dolutegraviri inakaa dirisha la pili, na kama kuna nakala iliyoponyoka, inaizuia isiingie kwenye faili.

Sasa nisikilizeni hapa. Katika dawa hizo 3 hakuna hata moja inayofungua faili na kung'oa karatasi iliyokwisha kuingia. Kuna chembe ambazo ziliingiliwa zamani, kisha zikalala. Hazitengenezi kitu, hazina kelele, na zinaweza kulala miaka. Kipimo kinahesabu virusi vinavyozunguka kwenye damu. Hakihesabu faili zilizolala. Ukiacha dawa, madirisha yote mawili yanabaki bila mlinzi, na chembe moja ikiamka tu, kazi inaanza upya. Kwa wengi virusi huonekana tena kwenye damu ndani ya wiki chache, wakati wewe mwenyewe bado unajisikia mzima kabisa na unakula ugali wako vizuri.

Sikujifunza haya kwenye karatasi. Mwaka 2015 majibu yangu yalirudi yakisema havionekani. Kuna mahali nilikuwa nasali, nikasimama mbele ya watu nikashuhudia kwamba nimepona. Nikapigiwa makofi. Dawa nikaziweka chini ya kitanda kwa miezi 5. Mwezi wa sita kikohozi kikaja, jasho la usiku likaja, ikawa ni kifua kikuu. Isitoshe, virusi vilikuwa vimeizoea dawa yangu ya zamani, haikuvitisha tena, ikabidi nihamishiwe dawa za mstari wa pili. Sali, mimi pia bado nasali. Lakini ukitoka kusali meza.

Tena msidhani neno "havionekani" ni dogo. Ndilo zuri kuliko yote kwenye kadi. Yale matone ya damu wanayoyadondosha kwenye kadi ya karatasi yanakaushwa, yanapakiwa kwenye pikipiki, yanafikishwa maabara kuu ya taifa kule Butabika, Kampala. Majibu yakiwa havionekani, maana yake mwenzako wa kitandani hapati virusi kutoka kwako. Kule Ulaya watafiti walifuatilia jozi 888 za wenzi, mmoja anavyo na anameza dawa vizuri, mwingine hana. Walilala pamoja bila kondomu zaidi ya mara 58,000. Aliyeambukizwa na mwenzi wake hakupatikana hata mmoja. Matokeo yalitoka 2016.

Naona wengine mmeanza kutabasamu. Kisonono na kaswende havikusoma utafiti huo, na mimba pia haikuusoma. Kondomu ziko kwenye lile boksi. Na mama anayenyonyesha, kwake hatari inashuka sana lakini hatusemi imekuwa sifuri, kwa hiyo mtoto naye apewe dawa yake na apimwe kama nesi alivyopanga.

Mzee mmoja ananiuliza habari ya saa. Yeye humeza saa tatu usiku, na akifika Kigali saa inarudi nyuma. Mzee wangu, usihangaike. Saa moja haivunji kitu. Ukisahau, meza ukikumbuka, halafu endelea kama kawaida. Usimeze viwili kwa pamoja kulipa deni. Umekula, hujakula, meza, kwa sababu TLD haidai chakula. Kinachotuangusha njiani si saa. Ni foleni ya siku 4 ambayo mtu alibeba dawa za siku 2. Kama hali yako ni nzuri, omba dawa za miezi 3 au 6, na kadi isitoke kwenye gari.

Najua pia habari ya mkebe kulia kama kayamba, mpaka taniboi anajua. Weka pamba ndani. Usihamishie vidonge kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, unyevu unaviharibu.

Kuna vitu viwili vya dukani navigombania sana na madereva. Cha kwanza ni vile vidonge vya kutafuna vya kiungulia, magnesiamu. Vikikutana na dolutegraviri tumboni vinaishika, haiingii mwilini vya kutosha. Meza dawa yako kwanza, kaa saa 2 ndipo utafune hivyo. Kama umeshavitafuna, ngoja saa 6. Wamama wajawazito wenye vidonge vya madini ya chuma, ninyi mnaweza kumeza vyote pamoja, mradi iwe pamoja na chakula. Cha pili ni diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya mgongo. Najua viti vyenu, najua na barabara. Lakini tenofoviri inapitia kwenye figo, na diklofenaki ya kila siku inazipiga figo hizohizo. Mwambie nesi mgongo unauma, atakutafutia njia nyingine.

Kikohozi, homa, jasho la usiku, kukonda: mojawapo likitokea, pima kifua kikuu, usingoje yatimie manne. Wamama, mlango wa kizazi ukaguliwe, maana saratani yake hutuandama sisi zaidi.

Wengine mnaogopa kwamba tangu 2025, msaada wa Marekani ulipotikisika na kliniki zetu zikaanza kuunganishwa na wagonjwa wengine wote, mtaonekana kwenye mstari. Hofu hiyo ninayo hata mimi, sitawadanganya. Mimi huenda asubuhi sana, na kwenye mstari ule hakuna anayejua kama nimefuata malaria au presha.

Kijana mwenye kofia nyekundu, swali lako la kuoa nimelisikia, nalo halifai kujibiwa kwa kipaza sauti. Njoo tukae. Na ambaye hajatolewa damu mwaka huu, nesi yuko chini ya ule mwembe. Awahi kabla ya saa tisa, mwenye pikipiki ya sampuli hamsubiri mtu.