Kima, Papa na Rehema Asiye na Mwili

Walimu wenzangu, na nyinyi wazazi mliokuja na watoto, asanteni. Mnaonijua mnajua nitakalosema. Nimelisema Pongwe, nimelisema Muheza, na leo nalisema hapa Tanga mjini: vitabu vyetu vya watoto vimejaa watoto wema ambao hakuna mtoto anayewakumbuka.

"Rehema ni msichana mwenye bidii. Anapenda usafi. Anawatii wazazi wake." Haya, fumbeni macho mniambie Rehema yukoje. Hayuko! Ana sifa tele, mwili hana.

Sasa mchukueni kima wa hadithi ya kima na papa. Siihadithii yote, mnaijua. Edward Steere, mmisionari Mwingereza, aliinukuu Unguja, ikachapwa London mwaka 1870, na bibi zetu walikuwa wakiihadithia bila kumngoja Steere. Tazameni mwanzo tu. Mkuyu umeota majini, matawi nusu yako mjini, nusu yako baharini. Kima yuko juu anakula kuyu. Papa yuko chini anaomba: nitupie na mimi. Anatupiwa, leo, kesho, siku nyingi. Hakuna mahali tulipoambiwa kima ni mkarimu. Mtoto ameuona mkono ukitupa, amesikia kuyu zikidondoka majini, yatosha.

Juzi niliisoma kwa darasa la tatu, Ngamiani. Kima yuko mgongoni mwa papa, pwani haionekani tena, na papa anatoboa siri: sultani wetu mgonjwa, dawa yake moyo wa kima. Darasa zima kimya. Binti mmoja wa mbele akaweka mikono miwili kifuani, kama anayeufunika wake. Nikaendelea: kima akasema, ungaliniambia mapema ningaliuchukua, sisi mioyo yetu tunaiacha mitini. Yule binti akashusha mikono, akacheka mpaka machozi. Kisha akanyoosha kidole: "Mwalimu, mbona papa alimwambia?"

Jamani! Mbona alimwambia? Angenyamaza, angefika na moyo wa kima. Nimeisoma hadithi hii miaka na miaka, sijawahi kujiuliza. Wenzake wakaingilia. Mmoja akasema papa mjinga. Mwingine akasema hapana, alimwonea huruma, amekula kuyu zake. Kengele ikalia, hawakutoka. Niambieni ni lini darasa limekataa kutoka kwa ajili ya Rehema.

Najua kuna atakayesema kima anafundisha uongo. Kila nikizungumza yupo. Ndugu yangu, kima yuko katikati ya bahari na anakaribia kuuawa; ulitaka afanyeje? Watoto wale hawakubaki darasani kujifunza uongo, walikuwa wanagombania urafiki: unavunjika wapi, na nani kauvunja.

Mwingine atasema hadithi hiyo si yetu, ni ya Wahindi. Ni kweli, imo katika Panchatantra, kitabu chao cha kale cha hadithi. Lakini huko mti ni mzambarau, na anayeutaka moyo ni mke wa yule mnyama wa majini, ambaye wengi humsimulia kuwa ni mamba. Ilipofika pwani yetu akawa papa, mzambarau ukawa mkuyu, na mgonjwa akawa sultani. Waliobadilisha walijua mtoto wa hapa anaogopa nini akiingia baharini. Huo ndio ufundi ninaoulilia.

Na jirani yetu wa Machui, mwandishi Shaaban Robert? Mwaka 1952, katika kitabu cha Adili na Nduguze, alitupa Adili, ambaye jina lake lenyewe ni sifa. Ungedhani atakuwa Rehema mwingine. Lakini tunakutana naye usiku, anawachapa manyani wawili, na huku analia. Mtu mwema, mjeledi mkononi, machozi mashavuni! Hapo nani atafunga kitabu? Utasoma mpaka ujue kuwa manyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, na kwa nini lazima awachape.

Nilitaka kusema juu ya picha, maana kima akichorwa anatabasamu kila ukurasa amekufa, lakini naona saa inanifukuza.

Karatasi mnazo. Mrudisheni Rehema. Msiandike tabia yake hata neno moja. Niambieni yuko wapi, saa ngapi, ameshika nini, na anamficha nani asikione. Dakika kumi, halafu watoto hawa watatuambia ni yupi wanayetaka kumsikia tena.