Kipindi: Friji Bado Iko Dakani

MWANAJUMA: Haya tumeingia, assalaam alaykum wasikizi wetu. Leo tuna mambo matano ya kupanga vyombo jikoni ukitaka kulifanya upya, Swaleh kayaandika kwenye karatasi kabisa mashaallah. Lakini kwanza nambie, friji iko wapi?

SWALEH: Tuanze na jambo la kwanza.

MWANAJUMA: Swaleh.

SWALEH: Iko dakani, pale kwenye baraza ya mlangoni.

MWANAJUMA: (anacheka) Bado! Leo siku ya ngapi?

SWALEH: Ya tano. Imekuja Jumamosi kwa mashua kutoka Mokowe kule bara mpaka hapa Lamu, mahamali wakaisukuma na mkokoteni mpaka kwenye kichochoro chetu, hapo ikabidi wabebe begani wakipiga kelele watu wapishe, na punda mmoja akakataa kupisha. Sasa mimi nilipima jikoni, nikapima mlango wa mbele, kila kitu sawa. Ngazi inapokata kona ndiyo sikupima. Imekwama kwa upana wa vidole viwili, ikarudi chini.

MWANAJUMA: Na jikoni kwenu ni juu kabisa.

SWALEH: Juu kabisa, si unajua nyumba zetu hizi za mawe, wazee waliweka jiko juu moshi na joto vitoke zao. Hawakujua kama kuna friji itakuja.

MWANAJUMA: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wako keshapitisha, mpe jembe alime.

SWALEH: Wallahi watu washaizoea. Mzee mmoja kila baada ya alasiri anaiegemea anakunywa kahawa. Watoto wakipita wanabisha mlango wake, "hodi mgeni". Na kuna jirani, baharia wa zamani, kaja na rai yake, eti tufunge kapi pale juu ya dari tuivute kwa kamba kwa nje kama tunatweka tanga. Mtaa mzima umegawanyika, nusu wanataka kapi, nusu wanasema itaanguka imuue mtu.

MWANAJUMA: Mtaani kwenu Langoni mna mambo. Mtaani kwetu Mkomani tungeng'oa mlango.

SWALEH: Mlango haukuwa tatizo! Ni kona! Husikilizi.

MWANAJUMA: Basi iache chini.

SWALEH: Haiwezekani, na hapa ndipo jambo la kwanza lenyewe. Kuna hesabu ya pembetatu, ilifanyiwa kazi chuo kikuu cha Illinois huko Marekani miaka ya 1940. Friji, sinki na jiko, hivi vitatu ndivyo mpishi anakwenda na kurudi kutwa. Kutoka kimoja hadi kingine kusipungue mita 1.2 na kusizidi 2.7, ukijumlisha pande zote isizidi kama mita 8. Jikoni kwa mama ni kwembamba, unajua boriti haiwezi kuvuka chumba kipana, kwa hiyo sinki na jiko ukuta mmoja, friji ukuta wa pili. Imekaa vizuri kabisa kwenye karatasi.

MWANAJUMA: Na mbuzi ya nazi?

SWALEH: Mbuzi vipi?

MWANAJUMA: Mamako hukuna nazi amekaa wapi?

SWALEH: ...Katikati.

MWANAJUMA: Katikati ya pembetatu yako! Miguu kainyoosha, sinia mbele, na mkeo upande huu anachambua mchele, na dadako anapara samaki. Hiyo hesabu ni ya mtu mmoja anayepika amesimama. Sisi tunapika wanne na watatu wamekaa chini. Friji kaa nayo chini hukohuko, maji baridi wanataka wageni na wageni wako chini.

SWALEH: Yaani mama apande ngazi na magoti yale kwa ajili ya kitunguu?

MWANAJUMA: Kitunguu hakiwekwi kwenye friji!

SWALEH: Samaki je? Tui je?

MWANAJUMA: Atatumwa mtoto.

SWALEH: Mtoto yuko madrasa! Hapana dadangu, hapo sikubali, friji inapanda.

MWANAJUMA: Mimi pia sikubali. Umemuuliza mwenyewe?

SWALEH: Kasema "nyinyi pangeni".

MWANAJUMA: Basi kashakasirika huyo.

SWALEH: Tuendelee na jambo la pili.

MWANAJUMA: La pili lipi, adhana ya magharibi hii inakaribia. Soma moja tu lenye maana.

SWALEH: Haya, mtungi wa gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi, inatambaa sakafuni, kwa hiyo usiufungie kwenye kabati lisilo na tundu huko chini...

MWANAJUMA: Ambako wale watatu wamekaa.

SWALEH: ...Ambako wamekaa, ndiyo. Hilo nakupa. La friji sikupi.

MWANAJUMA: Sikuliomba. Na ikipanda kwa kamba imelala ubavu, usiiwashe hapohapo, isimamishe masaa kadhaa mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Friji yangu ilikufa kwa haraka hiyohiyo.

SWALEH: Hilo lilikuwa jambo la nne, umeniibia. Ngoja, simu, ni mama. ...Naam mama. ...Nani kaliweka? ...Haya nakuja.

MWANAJUMA: Kuna nini?

SWALEH: Yule mzee kaweka birika la kahawa juu ya friji, lina makaa.