Kiwanda cha ukoo kinashikiliwa na nini mjini?

ZUHURA: Husemwa kiwanda cha familia hakihami kwa sababu mwanzilishi kazikwa palepale. Mapenzi hayo yapo, siyapuuzi. Ila leo tufungue sheria za Ujerumani, tuone kamba yenyewe imefungwa wapi.

JUMA: Tuanze na kodi ya mirathi, dada, maana wengi hukosea hapo. Mrithi anaweza kusamehewa asilimia 85 ya thamani ya mali ya biashara. Kwa kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 15, anatakiwa aishikilie miaka 5, na katika miaka hiyo jumla ya mishahara ifike asilimia 400 ya wastani wa mwaka uliokuwapo kabla ya urithi.

ZUHURA: Tuseme wastani ni yuro milioni 1.

JUMA: Basi ndani ya miaka 5 zitoke milioni 4. Zikitoka milioni 3.6, pengo ni asilimia 10, na msamaha unakatwa kwa kiwango hichohicho: 85 inashuka hadi 76.5. Mrithi akipunguza watu mapema ili apate kupumua, mwaka wa nne anagundua pengo halizibiki. Hata akijaza wanagenzi karakana nzima haimsaidii, kwani posho zao hazihesabiwi.

ZUHURA: Kwa hiyo sheria hii inamfunga kwenye mji wake?

JUMA: Hata kidogo! Inahesabu pia mishahara ya kampuni tanzu ndani ya Umoja wa Ulaya, kwa kadiri ya hisa zake, mradi zizidi asilimia 25. Anaweza kufunga karakana hapa, akafungua nchi ya jirani, na hesabu ikatimia.

ZUHURA: Kamba ya mji ni Gewerbesteuer, kodi ya biashara. Chukua kampuni yenye faida ya yuro 200,000. Asilimia 3.5 yake ni 7,000. Baraza la manispaa ndilo linalopanga kizidishi. Kikiwa asilimia 400, kodi ni 28,000. Kampuni ikiwa na viwanda katika miji kadhaa, mgawo hufuata mishahara iliyolipwa kila mji. Mafundi 20 wakihamishwa, meya anaona pengo kwenye bajeti yake. Ndiyo maana familia ikiomba kiwanja cha kupanulia, inasikilizwa.

JUMA: Na inasikilizwa kupita kiasi pale mji unapotegemea ukoo mmoja. Ongeza Sparkasse, benki ya akiba ya eneo. Haikopeshi popote itakapo; ina eneo lake. Inawajua wateja wake miaka na miaka, lakini kiwanda kikianguka, nayo inaumia papo hapo.

ZUHURA: Mimi bado nawafikiria wale wanagenzi, kaka. Mafunzo yao ni miaka 2 hadi 3 na nusu, huku karakanani, huku shule ya ufundi. Wakipungua sana, darasa la fani hiyo huhamishiwa mji mwingine, na vijana wanaifuata shule.

JUMA: Na kiwanda kinakosa mafundi.

ZUHURA: Ndiyo maana, kabla ya kumuuliza mrithi kuhusu kodi, namuuliza mwaka huu amechukua wanagenzi wangapi.