Kuzifanya Nyongeza za Tiny Core Zidumu Baada ya Kompyuta Kuzimwa

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mliofika hapa Dodoma kutoka Kongwa, Mpwapwa na Chamwino, karibuni sana.

Mwaka jana, katika shule moja ya Bahi, tuliweka nyongeza, yaani programu za ziada, za Tiny Core, mfumo endeshi mdogo wa jamii ya Linux, kwenye kompyuta kumi kuukuu, tukazijaribu, tukaondoka tukiwa na furaha. Kesho yake mwalimu alipoziwasha, hakukuta nyongeza hata moja. Tulidhani mafaili ni mabovu, tukapakua upya kwa bando la simu, nayo yakapotea vilevile. Iliniuma, kwa maana bando lile lilitoka mifukoni mwa walimu.

Tiny Core, iliyoanzishwa na Robert Shingledecker, hupakiwa upya katika RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kila kompyuta inapowashwa; ndiyo sababu ni nyepesi, na ndiyo sababu kilichoandikwa humo pekee hufutika umeme unapokatika. Nyongeza hudumu pale tu saraka (folda) iitwayo tce inapokuwa kwenye diski. Andikeni kwenye dirisha la amri ls -l /etc/sysconfig/tcedir: mkiona /tmp/tce, kama tulivyoona sisi Bahi baada ya kuhangaika sana, basi mnaweka akiba mahali pasipodumu. Amri ya tce-setdrive itawawezesha kuchagua sehemu ya diski, kwa mfano sda1, yaani sehemu ya kwanza ya diski ya kwanza.

Baada ya hapo, amri ya tce-load -wi nano (nano ni programu ya kuandikia maandishi) hufanya mambo matatu: hupakua nano.tcz pamoja na nyongeza inazozitegemea na kuziweka katika tce/optional, huziwasha papo hapo, kisha huandika jina nano.tcz katika faili la onboot.lst, ambalo mfumo hulisoma kila unapowaka. Mstari ule mmoja ukikosekana, nyongeza itabaki kwenye diski bila kuwashwa.

Mipangilio yenu ni jambo jingine. Hiyo huhifadhiwa kwa filetool.sh -b, inayotengeneza furushi liitwalo mydata.tgz kutokana na orodha iliyomo katika /opt/.filetool.lst. Kazi za wanafunzi zisiachwe humo zikarundikana, kwa kuwa furushi lote hufunguliwa upya kila kompyuta inapowashwa. Ziwekeni moja kwa moja katika /mnt/sda1, yaani kwenye diski yenyewe.

Na kwa shule zisizo na intaneti: pakueni mara moja tu, kisha nakilini saraka ya optional pamoja na onboot.lst kwa flashi, mkizipeleka kwenye tce ya kila kompyuta yenye toleo lilelile la mfumo. Bahi tulimaliza kompyuta tisa zilizobaki kwa njia hiyo, bila kugusa bando tena.