Minyoo ya Tumbo: Nani Ndugu ya Nani?

ZAINA: Karibuni tena, tupo Tanga mjini. Leo tunapekua ukoo wa minyoo. Kaka Shabani, mtoto mmoja kule Pangani anaweza kukutwa na askarisi, safura na mnyoo mjeledi kwa pamoja. Ni ndugu hawa?

SHABANI: Wapangaji wa nyumba moja tu, Bi Zaina. Mwaka 1998 wanasayansi walilinganisha vinasaba vya minyoo mviringo, wakapata matawi makubwa matano. Mjeledi yuko tawi la kwanza, askarisi la tatu, safura la tano. Na tawi hilo la tatu ndiko waliko minyoo ya matende na mabusha.

ZAINA: Matende haya ya mbu?

SHABANI: Haya haya. Askarisi ana undugu zaidi na mnyoo wa matende kuliko na mjeledi anayekaa naye tumboni. Safura naye ni jamaa wa C. elegans, kinyoo cha milimita moja kisichomdhuru mtu, ambacho maabara nyingi duniani hukifuga.

ZAINA: Tegu na kichocho je?

SHABANI: Hao ni minyoo bapa, mbali kabisa. Minyoo mviringo wako upande wa wadudu na kaa, viumbe wanaojivua gamba wakikua. Bapa wako upande wa konokono. Kwa hiyo kichocho yuko karibu zaidi na konokono anayemlea kuliko na safura! Ndiyo maana shuleni watoto hupewa albendazoli, dawa ya minyoo mviringo, na penye kichocho huongezwa prazikwanteli, ya minyoo bapa.

ZAINA: Mjeledi mbona anasumbua hata mtu akishameza dawa?

SHABANI: Dozi moja ya albendazoli, miligramu 400, humwondoa askarisi vizuri, lakini mjeledi mara nyingi hubaki. Kukafanyika utafiti hapo ng'ambo, Pemba, na pia Laos na Cote d'Ivoire, ukachapishwa 2022. Juu ya albendazoli waliongeza dawa nyingine, ivamektini. Pemba na Laos mchanganyiko ulifanya kazi vizuri zaidi; Cote d'Ivoire haukuongeza kitu.

ZAINA: Mjeledi wa kule amekuwa sugu kwa dawa?

SHABANI: Wengi wangedhani hivyo. Vinasaba vikaonyesha kuwa mjeledi wa kule ni spishi nyingine, iliyo karibu zaidi na mjeledi wa nguruwe. Wameiita Trichuris incognita.

ZAINA: Hadubini haikuliona hilo?

SHABANI: Ilionee wapi? Mayai ni yale yale ya kahawia, yenye vizibo viwili. Hata safura ni wawili, Necator na Ancylostoma. Huyu wa pili hufyonza damu mara kadhaa zaidi, ila kwa mayai huwezi kuwatofautisha. Na kwenye Kato-Katz, kipimo cha kupaka kinyesi kwenye kioo na kuhesabu mayai kwa hadubini, ukichelewa kusoma kioo zaidi ya saa moja, gliserini ya kipimo hicho imeshayafuta mayai ya safura, unaandika "hakuna".

ZAINA: Basi mtu wa maabara anayetaka vinasaba aanzie wapi?

SHABANI: Kwenye kichupa. Kinyesi kiasi cha gramu moja, ethanoli ya asilimia 95 mara tatu ya ujazo wake, koroga hadi mabonge yavunjike, kwa sababu katikati ya bonge ethanoli haifiki na vinasaba vinaoza. Formalini usiguse, inavikatakata. Kisha ganda la yai: la askarisi na la mjeledi ni gumu mno, kemikali peke yake haitoshi. Tia shanga ndogo ndogo, utikise kwa mashine. Wengi huruka hatua hii, halafu wanalaumu kipimo.

ZAINA: Na shanga zikitumika, bado jibu likatoka hasi?

SHABANI: Kinyesi kina chumvi za nyongo zinazozuia PCR, kile kipimo cha kurudufu vinasaba ili vionekane. Zimua mara kumi vinasaba ulivyotoa, rudia. Likitokea jibu, tatizo lilikuwa hilo. Kipande cha vinasaba kiitwacho ITS2 kinatosha kutenganisha safura wawili. Ukishuku usugu wa dawa, soma jeni ya beta-tubulini, protini ambayo albendazoli huilenga, nafasi ya 167, 198 na 200.

ZAINA: Kingine?

SHABANI: Lebo iandikwe kwa penseli. Ethanoli ikivuja, wino wote unaondoka nayo.