Milimita 18 si Milimita 18

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, zenu nazidai baadaye. Nimepewa dakika 20 nizungumzie samani kubwa za plaiwudi na ruta, ile mashine ya kukatia mbao inayoongozwa na kompyuta. Wengine mmekwisha kunisikia na mnajua naelekea wapi. Bado naelekea huko huko: pimeni unene!

Nina kisa. Bibi arusi mmoja wa hapa Lamu aliagiza kabati la nguo la kimo cha mita 2. Nyumba zetu mnazijua. Ngazi zinapinda, na chumba upana wake uliamuliwa zamani na urefu wa boriti ya mkoko. Kabati lililokwisha kuundwa halipandi juu. Nikalichora vipande vipande, ndimi na matundu, bila skrubu hata moja, maana skrubu za kawaida chumvi inazila. Vipande nikavikatisha Mombasa, vikavuka kwa boti kutoka Mokowe, mahamali wakavipandisha. Nikaliunganisha mbele ya mama mzazi na mama mkwe. Ndimi zikaingia bila nyundo, nami nikajisifu kwa sauti. Kumbe ule wepesi ndio balaa yenyewe. Mama mkwe akalisukuma kwa kidole, likayumba kama wazee wakicheza ngoma ya goma.

Plaiwudi niliuziwa kwa jina la 18, na matundu nikayachora ya 18. Nilipoitia vania, kile kipimo cha kubana unene, baada ya aibu, ilisoma 17.3. Kuna kijana hapo nyuma anatabasamu: saba ya kumi ya milimita ni kitu gani? Haya, tupige hesabu. Tundu limepenya ubavu wa kabati, kwa hiyo kina chake ni 17.3, na ulimi unacheza 0.7 ndani yake. Gawanya, kisha zidisha kwa kimo cha milimita 2,000. Juu kabisa kabati linaweza kwenda karibu sentimita 8! Unatabasamu bado?

Mzee mwingine ataniambia waliounda milango ya Lamu hawakuwa na vania. Kweli. Walikuwa na mkono. Ulimi ukikaza, fundi anarudi na patasi, anakwangua kidogo, anajaribu tena, hata asubuhi nzima. Mashine haijui kujaribu. Ukiiambia 18 itakata 18 mara 40, safi, bila kukuuliza. Kwa hiyo mkono ule lazima utangulie, kabla biti, yaani kisu cha mashine, haijazunguka.

Mimi siku hizi kwenye programu siandiki namba kwa kila tundu. Unene naupa jina, na matundu yote yanalifuata jina hilo. Plaiwudi ikibadilika nabadilisha namba moja tu. Napima pembe zote nne, maana hata plaiwudi moja hailingani kwenye pembe zake. Kisha nakata tundu la majaribio kwenye kona ya plaiwudi ile ile. Si kipande cha mwezi jana! Hicho kimekwisha kunywa hewa ya bahari. Naongeza 0.1 au 0.2, ulimi uingie kwa kugongwa na kiganja. Ukiingia kwa kusukumwa na kidole, rudi kwenye namba.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi mengine mbiombio. Biti ni duara: ya milimita 6 inaacha kona ya ndani imejipinda, na ulimi wenye pembe hautakaa, kwa hiyo ongezeni kijitundu kwenye kona. Vipande viachieni vishikizo, yaani sehemu ndogo zisizokatwa, visije vikarukia biti. Vumbi la plaiwudi lina gundi, si la kuvuta, vaeni barakoa. Kupanga vipande kwenye plaiwudi ya futi 4 kwa 8 nilikuwa nimekuandalieni michoro mitano. Ibaki.

Moja tu, mwenyekiti, nakaa. Meza hii ya mbele nimeipima nilipoingia: 17.6. Aliyeiunda yumo humu ukumbini, simtaji. Lakini njooni muone karatasi iliyokunjwa chini ya mguu wake.