Msituombe vidonge vya ADHD, tuambieni nauli ya kliniki

Mwangaluka, watu wangu wa Mwanza! Na nyie wa Ukerewe, Sengerema, Magu mpaka Musoma, karibuni. Leo nataka tuongee kuhusu ujumbe ambao sisi tulioko huku Marekani tunatumiwa sana: "Shangazi, mtoto hatulii, mwalimu kasema ana ADHD, tutumie zile dawa za huko." ADHD ni hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kuweka umakini, kutulia, au vyote viwili.

Jamani, zile dawa hazitumwi. Ritalin, yaani methilifenideti, na Adderall ni dawa zinazodhibitiwa vikali. Huku mgonjwa hapewi cheti cha kurudia. Zikiisha, daktari anaandika kingine upya. Ukiletewa, ujue ni vidonge vya mgonjwa mwingine, na kumgawia mtu dawa hizo ni kosa la jinai. Nyumbani nako zinadhibitiwa, na begi likifunguliwa uwanja wa ndege, wa kujibu maswali ni aliyelibeba. Halafu hata zikifika, bado hujajua mtoto anaumwa nini.

Hapo naomba tukae kidogo. Mtoto asiyetulia anaweza kuwa hasikii vizuri, hasa kama sikio limewahi kutoa usaha. Anaweza kuwa anakoroma usiku kucha, kwa hiyo darasani yuko na usingizi. Sisi watu wa ziwani tuna kichocho: mtoto anaoga na kuchota maji ziwani, anapungukiwa damu, anachoka, masomo hayaingii. Ombeni apimwe choo, mkojo, wingi wa damu, masikio na macho. Kuna anayekodoa macho sekunde chache, ukimwita haitiki, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kitu. Hicho kinaweza kuwa kifafa kisicho na kuanguka. Na kama mtoto anatumia fenobabitali ya kifafa, mwambie daktari, kwa sababu dawa hiyo yenyewe inaweza kumfanya awe mtukutu kupita kiasi. Usiikatishe ghafla, degedege linaweza kurudi kwa nguvu. Daktari ndiye wa kuibadilisha polepole.

Anzieni zahanati au kituo cha afya cha karibu, muombe rufaa ya hospitali ya mkoa ya Sekou Toure, na ikibidi hospitali ya Bugando, ambako kuna idara ya magonjwa ya akili. Pigeni simu kwanza, muulize siku ambayo daktari wa afya ya akili anaona watoto. Wa Sengerema na Geita, daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa 2025, kwa hiyo foleni ya kivuko isiwazuie tena. Wa Nansio, vukeni siku moja kabla. Wenye bima, karatasi ya rufaa iwe mkononi kabla hamjafika dirishani.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha ADHD. Anayewauzia picha ya ubongo kwa kazi hiyo anawamalizia pesa. Daktari anauliza dalili 18: 9 za umakini, 9 za kutotulia na kukurupuka. Mtoto awe na angalau 6 za upande mmoja, kuanzia miaka 17 zinatosha 5. Ziwe zimedumu miezi 6, zilianza kabla ya miaka 12, na zionekane sehemu zaidi ya moja. Mtoto anayesumbua shuleni tu huenda shida iko hukohuko shuleni: anapigwa, anaonewa, au haelewi somo.

Kwa hiyo barua ya mwalimu ni muhimu kuliko mnavyodhani. Ikiandikwa "mtundu, hana adabu", daktari hapati kitu. Mwombeni mwalimu aandike alichoona: "Maswali 10 ubaoni, amenakili 4. Amesimama mara 7 kipindi kimoja. Amepoteza kalamu tatu wiki hii." Na wasichana msiwasahau. Wengi wao hawarukiruki, wamekaa kimya wanatazama dirishani, na hakuna anayewapeleka popote.

Ukimpata mwanasaikolojia, muulize hivi: "Utanifundisha mimi mzazi, au utakaa na mtoto peke yenu?" Kwa mtoto mdogo, maongezi ya chumbani peke yake hayasaidii sana ADHD. Chini ya miaka 6, tiba ya kwanza ni kumfundisha mzazi, vidonge baadaye kama kuna haja.

Mafunzo yenyewe yanakuwaje? Chukua gamba la daftari, kata kadi. Andika malengo matatu tu: nimenakili kazi, nimenyoosha mkono kabla ya kusema, nimerudi na kalamu. Mwalimu anatia vema kabla ya mapumziko na kabla ya kwenda nyumbani. Jioni hiyohiyo mtoto anapata tuzo: dakika 20 za ziada za mpira, au yeye ndiye achague mboga ya usiku. Mpango huu unavunjika kwa sababu zilezile kila mara: malengo yamekuwa kumi, tuzo imeahidiwa mwisho wa muhula, au mama kakasirika akafuta vema ambazo mtoto alishazipata. Wiki za mwanzo anaweza hata kuzidi, anawapima kama mna msimamo. Msiache. Fimbo haitibu ADHD, inamwongezea woga tu.

Na maagizo yawe moja moja. "Oga, vaa, chukua begi, mwite dada" ni mengi mno kwake. Msogelee, taja jina lake, sema jambo moja, akurudie ulichosema.

Daktari akiandika methilifenideti, kwa kawaida anaanza na miligramu 5 asubuhi, pengine na mchana, kisha anapandisha wiki kwa wiki. Kidonge cha kawaida kinafanya kazi kwa muda wa kama masaa manne tu. Kikinywewa alasiri, usingizi unakimbia. Hamu ya kula inashuka, kwa hiyo uji unywewe kabla ya kidonge, na chakula cha usiku kiwe kizito. Mwambieni daktari mapema kama mtoto huzimia akikimbia, au kama kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Mtoto akinyong'onyea, hacheki wala hachezi, huenda dozi ni kubwa mno. Rudini. Dawa hii haipatikani kila duka, muulizeni daktari duka lenye kibali. Kuna pia atomoksetini, hiyo inachukua wiki 4 hadi 6 au zaidi mpaka ifanye kazi sawasawa, na wengi wanaitupa wiki ya kwanza wakidhani ni feki. Kila mkirudi kliniki apimwe uzito, urefu na presha. Nauli ya safari hizo za kurudi ndiyo mtuambie mapema, hiyo tunaweza kutuma.

Watu wazima mnaojiona humu, njia ni hiyohiyo, ila daktari atataka ushahidi wa utotoni. Tafuteni ripoti za shule ya msingi, na mumpigie mama awaambie mlivyokuwa darasa la tatu. Andikeni anachosema, mwende nacho.